Mfuko wa dawa wa bibi: mwongozo wa kuwafundisha watoa huduma kupunguza dawa zisizohitajika

Bibi wa miaka 74 amekuja kliniki ya presha na sukari katika hospitali ya wilaya. Unamwomba akuonyeshe dawa anazokunywa. Anafungua kimfuko cha kitambaa na kuzimwaga mezani: amlodipini ya 10 mg na enalaprili za presha, furosemaidi ya kukojoza, metfomini na glibenklamidi za sukari, aspirini ndogo, omeprazoli ya asidi ya tumbo, diklofenaki ya maumivu, diazepamu ya 5 mg ya usingizi, chupa ya dawa ya kikohozi iliyobaki nusu, na bahasha moja isiyo na jina, imeandikwa tu 1×3. Ukiichunguza vizuri ile ya bahasha utagundua ni ibuprofeni, dawa nyingine ya maumivu. Jumla 11.

Bibi huyu nimemuunda kwa ajili ya darasa, lakini sijakutana na mtu aliyefanya kazi kliniki akasema hamjui.

Sasa uliza darasa lenye daktari, tabibu, muuguzi na mfamasia: nani ataondoa dawa hapa, na ipi? Watakaa kimya. Elimu wanayo. Ila tabibu anawaza kwamba hizi zilianzishwa na bingwa wa hospitali ya rufaa, yeye ni nani azikate. Mfamasia anawaza kwamba kazi yake ni kutoa kilichoandikwa kwenye cheti. Muuguzi, ambaye ndiye anayemwona bibi kila mwezi, hana saini. Kila dawa ilikuwa na mtu wa kuianzisha, na hakuna hata moja yenye mwenyewe wa kuiuliza tena.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandaa mafunzo ya kuondoa ukimya huo katika kituo chake. Shabaha ni moja: mwisho wa mafunzo, kila kidonge kinachotoka dirisha la dawa kiwe na sababu iliyoandikwa, mtu anayekiwajibikia, na tarehe ya kukiangalia tena. Nimeupanga kwa nusu siku tatu za darasa na wiki 12 za kazi. Ukipewa siku moja tu, chukua hatua ya pili, ya tatu na ya tano, nyingine utazifanyia wodini.

Hatua ya 1: Anza na mafaili

Wiki mbili kabla ya darasa, chomoa mafaili 30 ya wagonjwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi, yaliyofuatana, bila kuchagua. Hesabu mambo manne tu: mgonjwa ana dawa ngapi, ngapi kati ya hizo hazina sababu iliyoandikwa popote kwenye faili, wangapi wanakunywa dawa ya maumivu ya aina ya diklofenaki pamoja na enalaprili, losartani (nayo ya presha) au dawa ya kukojoza, na wangapi wanapewa diazepamu zaidi ya mwezi mmoja. Kituo kikiwa na mfumo wa kompyuta, usiuamini peke yake. Mfumo unaonyesha kilichotolewa hapo. Cha duka la dawa la mtaani haukijui.

Namba hizi ndizo zitakazofungua darasa lako. Mtu anaweza kubishana na utafiti wa ng'ambo hadi jioni, lakini habishani na mafaili ya kliniki yake mwenyewe.

Pili, mwone mganga mfawidhi na kamati ya dawa na tiba. Usiombe baraka za mdomo, omba karatasi inayosema nani anaruhusiwa nini: muuguzi anabaini na kuweka alama kwenye faili, mfamasia au mteknolojia wa dawa anapendekeza na kupiga simu, tabibu na daktari wanabadilisha. Bila karatasi hiyo, utakuwa umewafundisha watu kitu wasichokuwa na mamlaka ya kukifanya. Ukiulizwa kwa nini jambo hili ni la kituo kizima, kumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2017 mpango wa kupunguza madhara ya dawa, na matumizi ya dawa nyingi kwa pamoja ni moja ya maeneo matatu yaliyopewa kipaumbele.

Tatu, chagua washiriki. Wengi huita mtu mmoja mmoja kutoka vituo kumi na mbili. Mimi siafiki. Mtu mmoja akirudi kazini na maarifa mapya, wiki ya pili ameshamezwa na foleni. Ni heri watu 12 wa kituo kimoja, wanaoshika faili lilelile kwa mikono tofauti: aliyeandika dawa, aliyeitoa, na aliyempima mgonjwa presha asubuhi.

Onyo moja kabla hujaendelea. Usifanye mafunzo haya wakati kituo kimeishiwa dawa. Wagonjwa wataunganisha mambo mawili, na hawatakuwa wamekosea kuwaza hivyo. Hata watumishi watadhani ni namna ya kubana matumizi. Subiri mzigo ufike.

Hatua ya 2: Mwaga mfuko mezani

Hapa ndipo pa kutumia muda, na mimi huwapa saa mbili nzima. Tafuta pakiti tupu, bahasha na chupa halisi, uzitie kwenye mfuko mmoja kwa kila kundi la watu wanne. Usiwape orodha iliyochapwa. Mtu akisoma orodha anaona majina ya dawa, akishika pakiti anaona kwamba imeisha muda, kwamba dawa mbili zenye majina tofauti ya kibiashara ni kitu kilekile, kwamba bahasha haina jina.

Kila kundi lijaze karatasi yenye safu tano: dawa gani, kiasi gani, ya nini, tangu lini, nani aliianzisha. Pasipojulikana waache wazi, wala wasikisie. Baada ya dakika 20, ukutani kutakuwa na karatasi zenye mashimo mengi, na mashimo hayo ndiyo somo. Kwa bibi yetu, "ya nini" ya furosemaidi itajazwa "moyo?" na makundi yote, pamoja na kile kiulizo.

Kisha wafundishe kuuliza. "Unakunywa dawa gani?" ni swali dhaifu, kwa sababu mgonjwa anajibu kile anachodhani unataka kusikia. Maswali haya yana nguvu zaidi:

"Bibi, katika hizi, ipi wiki iliyopita hukuinywa kabisa?"
"Ukiumwa mgongo usiku unatumia nini? Unaipata wapi?"
"Kuna dawa uliyopewa na jirani, au mwanao aliyekuletea kutoka mjini?"
"Kuna ya miti shamba?"

Yaulizwe bila kununa. Mgonjwa aliyewahi kukaripiwa kwa kutokunywa dawa hatakwambia tena ukweli, na hapo unaingia kwenye kosa kubwa. Presha iko juu kwa sababu hanywi amlodipini, wewe unamwongezea dawa ya pili, mwanawe anakuja likizo anamsimamia anywe zote, na siku ya tatu bibi anaanguka.

Malizia kipindi hiki kwa mashine ya presha. Kila mshiriki ampime mwenzake akiwa amelala dakika 5, halafu amesimama dakika ya 1 na ya 3. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hiyo inahesabika kuwa imeshuka kwa kusimama. Wengi wana miaka kumi kazini na hawajawahi kumpima mgonjwa akiwa amesimama. Bibi yetu ana 128/70 akiwa amelala na 102/62 akiwa amesimama. Alishaanguka mara moja akienda chooni usiku. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ni 4.1 mmol/L.

Hatua ya 3: Chora mnyororo

Mwaka 1997 Paula Rochon na Jerry Gurwitz waliandika kuhusu jambo ambalo sisi tunaliona kila siku bila kulipa jina: dawa ya kwanza inaleta dhara, dhara linadhaniwa kuwa ugonjwa mpya, linaandikiwa dawa ya pili. Darasani mimi naliita mnyororo wa dawa.

Mpe mshiriki mmoja chaki, umwambie aunganishe dawa za bibi kwa mishale. Usimsaidie mapema. Kwa kawaida inaanza polepole kisha wote wanasimama ubaoni.

Magoti yaliuma, akapewa diklofenaki. Diklofenaki inazuia chumvi na maji visitoke mwilini na inapandisha presha, basi amlodipini ikapandishwa kutoka 5 hadi 10. Amlodipini ya 10 ikavimbisha miguu. Miguu iliyovimba ikaandikiwa furosemaidi, asubuhi na jioni. Ile ya jioni ikamwamsha mara nne usiku kwenda kukojoa. Hakupata usingizi, akapewa diazepamu. Diazepamu pamoja na presha inayoshuka akisimama vikamwangusha chooni. Alipoanguka aliumia nyonga, akaenda duka la dawa akarudi na ibuprofeni. Tumbo likaanza kuchoma, ikaja omeprazoli. Na presha, kwa sababu ya dawa mbili za maumivu, bado inasumbua.

Mnyororo umefunga duara. Pembeni yake kuna mwingine mfupi: enalaprili ikaleta kikohozi kikavu, kikohozi kikaandikiwa amoksisilini, hakikuisha, akapimwa makohozi kutafuta kifua kikuu, hakuna kitu, akapewa dawa ya kikohozi ya maji. Kikohozi cha enalaprili hakisikii dawa ya kikohozi. Kinaisha dawa ikibadilishwa, kwa kawaida ndani ya wiki chache.

Sisitiza mambo mawili hapa. Miguu iliyovimba kwa amlodipini haitokani na maji kuzidi mwilini, ndiyo maana furosemaidi haiisaidii sana. Kinachosaidia ni kupunguza kiasi cha amlodipini. Na enalaprili, dawa ya kukojoza na diklofenaki zikikutana kwa mzee mmoja, figo zinaweza kushindwa kufanya kazi ndani ya siku chache, hasa akiharisha au akipungukiwa maji. Mwenye mchanganyiko huo apimwe kriatinini, kipimo cha damu cha figo, siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Maswali manne kwa kila dawa

Mwaka 2015 Ian Scott na wenzake nchini Australia walipanga kazi hii kwa hatua tano: kusanya dawa zote na sababu zake, pima hatari ya mgonjwa kwa jumla, ichunguze kila dawa, panga ipi ianze, kisha tekeleza na ufuatilie. Utaratibu ni mzuri, lakini kliniki yenye wagonjwa 60 kwa asubuhi haina nafasi ya kuusoma. Kwa hiyo nimeufupisha kuwa maswali ya kuulizwa mbele ya mgonjwa:

Sababu yake bado ipo?
Inamletea shida gani sasa hivi?
Faida yake itakuja lini, na mgonjwa huyu anaingoja?
Kama asingekuwa nayo, leo ningemwanzishia?

Swali la nne ndilo linalofungua midomo. Chukua aspirini. Bibi hajawahi kupata kiharusi wala shambulio la moyo, alipewa "ya kulainisha damu". Utafiti wa ASPREE, uliofanyika Australia na Marekani kwa watu zaidi ya 19,000, wengi wao wenye miaka 70 na kuendelea, ulitoa matokeo mwaka 2018: kwa wazee wasio na ugonjwa wa moyo, aspirini ya kila siku haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, bali iliongeza kutokwa damu. Leo usingemwanzishia. Aliyewahi kupata kiharusi cha damu kuganda au aliyewekewa kifaa kwenye mshipa wa moyo ni habari nyingine kabisa, huyo haiguswi.

Glibenklamidi nayo. Kwa mzee, hasa mwenye figo zilizochoka, inakaa mwilini muda mrefu na kushusha sukari alfajiri, wakati hakuna anayemwona. Anaamka kachanganyikiwa, katokwa jasho, na familia inasema uzee umemwingia. Wakati wa Ramadhani hatari inaongezeka kwa anayefunga. Mzee dhaifu hahitaji sukari ya kijana wa miaka 30.

Kuna orodha zinazosaidia kutambua dawa zisizofaa kwa wazee, kama vigezo vya Beers vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1991, na STOPP/START iliyoanzia Ireland na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2008. Zitumie kama tochi. Nyingine zinataja dawa ambazo kwetu hazipo kabisa, na mwongozo wa tiba wa taifa ndio unaokulinda mezani kwa mganga mfawidhi.

Hatua ya 5: Ipi itangulie, ipi isiguswe, na kwa mwendo gani

Kanuni ya jumla ni dawa moja kwa wakati mmoja, ili kitu kikiharibika ujue kimetoka wapi. Kanuni hiyo ina mlango mmoja: dawa inayodhuru leo inaondoka leo, hata zikiwa mbili au tatu. Kwa bibi, diklofenaki na ibuprofeni zinakoma siku hiyo, na mahali pake anapewa parasetamoli, diklofenaki ya kupaka magotini na mazoezi ya kunyoosha mguu akiwa amekaa kitini. Glibenklamidi nayo inakoma, metfomini inabaki figo zikiruhusu. Zilizobaki zinasubiri zamu.

Zisizoguswa katika mafunzo haya ziandike ubaoni kwa chaki nyekundu: dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, dawa za kifua kikuu, dawa za kifafa, insulini kwa kisukari cha aina ya kwanza, wafarini ya kuzuia damu kuganda kwa mwenye vali ya bandia ya moyo, sindano za penisilini kwa mwenye ugonjwa wa moyo wa rumatiki, haidroksiurea kwa mwenye selimundu. Kotrimoksazoli kwa anayeishi na VVU pia uiache: ushauri wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kuisimamisha mgonjwa akiimarika, lakini penye malaria nyingi inaendelea.

Kisha zile zinazotaka kushushwa kwa ngazi. Diazepamu iliyotumika zaidi ya wiki nne hupunguzwa karibu robo kila wiki mbili, na polepole zaidi mwishoni. Kidonge cha 5 mg hakikatiki robo kwa urahisi, kwa hiyo anza na nusu kila usiku, halafu nusu usiku mmoja na kupumzika usiku unaofuata. Usingizi utasumbua siku kadhaa, mwambie mapema. Omeprazoli ya 20 mg inapelekwa siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki mbili hadi nne, kisha inakoma, kwa sababu ikikatwa ghafla tumbo linamwaga asidi nyingi na mgonjwa anaapa kwamba hawezi kuishi bila hiyo. Atenololi, dawa ya presha na moyo, isikatwe kwa siku moja, maumivu ya kifua na mapigo ya haraka vinaweza kurudi kwa kishindo. Prednisoloni iliyotumika zaidi ya wiki tatu ina utaratibu wake, na anayeufuata ni daktari, si darasa hili.

Furosemaidi: kwanza hakikisha hana moyo uliochoka. Je, anaweza kulala chali bila kukosa pumzi? Mishipa ya shingo imejaa? Mapafu yanakoroma? Ukiwa na shaka, isiguswe mpaka apimwe moyo. Kama ni miguu ya amlodipini tu, shusha amlodipini iwe 5, ondoa dozi ya jioni ya furosemaidi, subiri wiki mbili, kisha ondoa ya asubuhi. Mpime uzito: kilo 2 zikipanda ndani ya siku 3, au pumzi ikikata, dawa inarudi.

Na kuna mpangilio ambao hata wazoefu wanaukosea. Omeprazoli ya bibi inalinda tumbo dhidi ya aspirini. Ukiondoa omeprazoli kwanza ukaacha aspirini kwa mzee wa miaka 74, umemwondoa askari na kumwacha mwizi ndani. Aspirini inatangulia, omeprazoli inafuata.

Enalaprili haiondolewi, inabadilishwa kuwa losartani, kwa kuwa ana kisukari na figo zake zinahitaji ulinzi huo. Dawa ya kikohozi itajifia yenyewe.

Utaona sijasema anza na vitamini. Wengi wanapenda kuanzia hapo maana ni rahisi, wanaondoa vitamini B kompleksi na kuandika kwenye ripoti kwamba dawa zimepungua. Ziondoe ukitaka. Ila usizihesabu.

Hatua ya 6: Namna ya kusema

Igizo hili huwachekesha watu mwanzoni, baadaye hawacheki. Mmoja awe mzee, mmoja tabibu, wa tatu awe mtoto wa mzee aliyemsindikiza, maana nyumbani ndiye mwenye neno.

"Shikamoo baba."
"Marahaba, mwanangu."
"Leo nataka tuziangalie dawa zako moja moja, tuone ipi bado inakusaidia na ipi inakuchosha."
"Si mliniambia nisiache hata siku moja?"
"Tulikuambia, na ulifanya vizuri. Hii ya usingizi ilikufaa ulipofiwa. Sasa ni mwaka, na kizunguzungu cha asubuhi nadhani kinatoka humo. Nataka tuipumzishe taratibu."
"Au bima imekataa kulipa?"

Swali hili litakuja. Tabibu afundishwe kulijibu akimtazama mzee usoni: "Hapana baba, dawa ipo pale dirishani. Ukihitaji kurudishiwa utarudishiwa. Hujanyang'anywa."

Neno la kukwepa ni "hii haina kazi". Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka mitano kufuata dawa, ukimwambia haina kazi umemwambia alikuwa mjinga, na pia umemdharau mwenzako aliyeiandika. "Kuipumzisha" linaeleweka, na linaacha mlango wazi.

Mpe pia karatasi ya kwenda nayo nyumbani, kwa Kiswahili chepesi na herufi kubwa. Huko Quebec, Kanada, Cara Tannenbaum na wenzake waliwapa wazee kijitabu kuhusu hatari ya dawa za usingizi za jamii ya diazepamu. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba baada ya miezi 6, asilimia 27 ya waliokipata walikuwa wameacha, dhidi ya asilimia 5 ya wasiokipata. Mwaka 2018 wakatoa matokeo mengine: mfamasia alipompa mgonjwa kijitabu na kumwandikia daktari maoni yake, walioacha dawa zisizofaa walikuwa asilimia 43, dhidi ya 12. Wafamasia walio darasani wasomewe namba hizi kwa sauti. Wengi hawajawahi kuambiwa kwamba kazi hii ni yao pia.

Hatua ya 7: Barua kwa aliyeianzisha

Hofu ya kumkosea bingwa haiishi kwa hotuba. Inaisha kwa kuwa na maneno tayari. Kila mshiriki aandike barua moja fupi darasani, kwa mfano huu:

"Daktari, salamu. Mgonjwa wako mwenye miaka 74 ameanguka mara moja, na presha yake inashuka kutoka 128 hadi 102 akisimama. Hana dalili za moyo kuchoka. Tunapendekeza amlodipini ishuke kuwa 5 mg na furosemaidi isimamishwe kwa ngazi kuanzia tarehe iliyoandikwa hapa chini. Atapimwa uzito na presha kila wiki. Ukiona kuna sababu ya kuendelea nayo, tunaomba utujulishe kabla ya tarehe hiyo."

Mistari sita, ombi lenye tarehe, na heshima ya kumwachia nafasi ya kukataa. Mara nyingi jibu huwa ni "sawa". Wakati mwingine jibu ni "hapana, ana tatizo la vali", na hilo ndilo lile shimo la safu ya tatu likijazwa.

Kwenye faili, mpango uandikwe hivi: dawa, sababu ya kuisimamisha, ngazi zake, dalili za kurudishia, nani anafuatilia, tarehe ya kurudi. Tarehe isizidi wiki nne, na namba ya simu ya mgonjwa au mwanawe iwepo. Anayeachishwa dawa bila tarehe ya kurudi ametelekezwa tu.

Mwishowe, taarifa ifike dirisha la dawa. Nimeshaona dawa iliyosimamishwa Jumatatu ikitolewa Ijumaa kwa cheti cha zamani, na mgonjwa kwa adabu zake akaipokea na kuinywa.

Hatua ya 8: Wiki 12 baada ya darasa

Kila mshiriki aanze na wagonjwa watatu, si zaidi. Kila wiki, siku moja, dakika 30 kabla ya kliniki kufunguliwa, timu ikae na faili moja. Mwenye faili anaeleza, wengine wanauliza maswali manne. Mkufunzi aje wiki ya 2, ya 6 na ya 12, akae nyuma ya meza ya tabibu na kutazama kazi halisi, na asimwingilie mbele ya mgonjwa.

Dhara lolote linaloshukiwa kutokana na dawa liripotiwe kwa fomu ya mamlaka ya dawa: TMDA kwa Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Washiriki waijaze moja darasani kwa mkono, maana fomu ambayo mtu hajawahi kuijaza haijazwi siku yenye foleni.

Wiki ya 12, rudia yale mafaili 30 na hesabu zilezile nne. Ongeza mbili: wangapi walirudishiwa dawa, na wangapi walianguka, walilazwa au walizidiwa baada ya kuachishwa. Usimpongeze aliyeondoa dawa nyingi kuliko wote. Msifie ambaye safu zake za "ya nini" na "tangu lini" hazina mashimo tena.

Bibi wetu wa darasani anafika wiki ya 12 akiwa na losartani, amlodipini ya 5, metfomini, na parasetamoli ya siku za baridi. Miguu imenywea. Usiku anaamka mara moja. Halafu mpe mkufunzi mwenzako faili asome ukurasa wa mwisho, ambao washiriki hawakuutarajia: "Kiungulia kimerejea wiki ya tatu baada ya kusimamisha omeprazoli. Imerudishwa, 20 mg, siku anayohitaji tu. Itaangaliwa tena baada ya wiki 8. Mfuatiliaji: muuguzi wa kliniki."